Makofi ya Longinus

Huko Heru Juu bado wanasema kwamba marehemu mume wangu, Longinus, aliwahi kukutwa akiita mizimu. Si kweli, na mimi nilikuwapo.

Mwaka 1974 alikuwa akijiandaa kubatizwa. Mimi niliyesoma shule ya masista ndiye niliyemfundisha Baba Yetu. Lakini kila alfajiri alichuchumaa nyuma ya nyumba, akipiga makofi polepole kama sisi Waha tunavyowasalimu wakubwa. Jirani akamwona, akapeleka maneno. Jumapili katekista Felician akamsimamisha mbele ya wenzake wa mafundisho ya ubatizo.

“Mzee, makofi yale unamwita nani?”

“Simwiti mtu. Namsalimu Mungu. Kwani wewe kwa baba mkwe wako unaingia tu na kuanza kuomba?”

Wenzake wakacheka. Katekista hakucheka. Alisema asipoacha, jina lake litafutwa kwenye orodha ya Pasaka.

Niliona aibu. Nikamwambia apige magoti, aunganishe viganja na atulie kama watu waliosoma. Alitii. Baada ya wiki mbili akaniambia, “Mama Generosa, maneno yote nayajua sasa. Ila naona kama nimeingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na mwenyewe hanitazami.”



Pasaka alibatizwa. Cheti ninacho, anayetaka aje akisome. Kama baada ya hapo aliweza kusali tena, hilo ni la nyumba yetu. Sitalisema.