Uso Usio wa Bibi

Mwalimu wangu nilimpata kwa sababu ya riwaya. Nilitaka kuandika pambano la panga, nami nilikuwa sijashika chochote kirefu kuliko kisu cha jikoni. Nikaambiwa yuko mama mmoja mtu mzima, Myahudi, mchoraji, aliyewahi kuwa bingwa wa nchi yake wa mchezo wa vitara. Sasa anaishi Bawshar, hapa Maskati, kwa mwanawe, daktari, na kila Jumamosi asubuhi hufundisha katika ukumbi wa shule.

Wiki sita za mwanzo sikupewa kitara. Nilifundishwa kutembea.

Katika mji wa baridi alikozaliwa, klabu kubwa haikuwapokea Wayahudi. Alijifunza kwenye chumba kilichokuwa chini ya duka la mkate, unga ukiwadondokea kutoka darini. Alisema hata leo akisikia harufu ya mkate magoti hujikunja yenyewe. Alichukua ubingwa mara mbili, goti likaharibika, akabaki na rangi zake. Alichora vilevile alivyocheza: amesimama, mguu mmoja mbele, mkono umenyooka.

Ukumbini kwetu hapakuwa na taa za kuonyesha nani ameguswa na kitara. Tulifuata desturi ya zamani: aliyeguswa huinua mkono mwenyewe na kusema, "Nimeguswa," hata kama hakuna aliyeona. Asiyesema alirudishwa nyumbani.

Mwaka jana mkono wake ulianza kutetemeka. Mwanawe alimwambia apumzike. Akakubali, lakini baada ya maonyesho ya mwisho ya picha zake: wanawake kumi na wawili wa Maskati. Wa kumi na mbili alikuwa bibi yangu. Ukurasa wa maelezo wa kutundikwa mlangoni nilipewa mimi niandike, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kitu cha kusomwa na watu nisiowajua.

Siku aliyokuja kwetu, alitaka nimwambie bibi dini yake kabla hajaketi. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Nguruwe anakula?"

"Hali," nilitafsiri.

"Basi chakula hapa hapa. Na hiyo picha anichore. Ya pasi ya kusafiria ninayo, ya rangi itanidhuru nini?"

Alikaa asubuhi tatu kwenye kiti cha karibu na dirisha, ameambiwa asitikisike. Mwalimu hakumwonyesha kitu. Mimi nilichungulia, nikamwona mwanamke aliyeondoka Unguja akiwa msichana, macho yameelekea nje ya dirisha, yakitafuta. Usiku uleule niliandika ukurasa wangu. Nilitaja kisiwa mara nne.

Siku nne kabla ya maonyesho, mwalimu aliifunua picha. Bibi akaisogelea, akavaa miwani.

"Huyu kafiwa na nani?"

"Bibi!"

"Mie nakuuliza. Huyu si mie."

Nikamgeukia mwalimu, nikasema kwa Kiingereza kwamba bibi ameipenda sana, ila macho yamemshangaza kidogo. Bibi hajui Kiingereza kingi, lakini ananijua mimi.

"Hukusema nilivyosema. Mwambie! Siku ile gari la gesi lilikuwa likipita. Mtungi umekwisha, mchele nshauroweka, na nyie mmenikalisha hapa kama jiwe. Nalitazama linakwenda zake. Nna hasira, sina msiba."

Nilitafsiri yote, hata mchele. Mwalimu aliitazama picha tena. Kisha akainua mkono, ule unaotetemeka, kama ukumbini.

"Nimeguswa," alisema. "Huyu ni mama yangu."

Akatueleza, akiwa amesimama. Katika vita, Wayahudi walipokuwa wakiuawa, mama yake alifichwa na majirani, naye peke yake ndiye aliyebaki hai kwao. Maisha yake yote yaliyofuata alikuwa akikaa dirishani jioni, na binti yake alicheza vitara, kwa kiasi fulani, ili awe nje ya nyumba ile. Hakuwahi kumchora. Alidhani hawezi.

"Mpelekee hiyo mwanao," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Mie nichore upya."

"Siku nne hazitoshi," mwalimu alisema. "Na mkono huu sina mwingine."

"Basi tunapoteza wakati."

Safari hii hakumwambia atulie. Bibi alichambua mchele, aligombana kwa simu na dada yake wa Unguja kuhusu mahari ya mtu, alinituma chai. Mwalimu alichora kwa vipande vya dakika kumi, akipumzisha mkono juu ya mto baina ya kipande na kipande. Mimi nilichana ukurasa wangu, nikaandika mwingine mfupi, hauna kisiwa. Asubuhi ya siku ya nne mkono ulikataa kabisa. Bega la kushoto na sikio vilikuwa bado mistari ya mkaa.

"Iende hivyo," alisema.

Fundi wa fremu wa mtaa wa Wadi Kabir aliibeba rangi haijakauka.

Kwenye ukumbi wa maonyesho, watu walisimama mbele yake wakacheka, maana uso ule ulikuwa katikati ya sentensi. Bibi aliwapenya kwa kiwiko mpaka mbele.

"Sikio langu liko wapi?"

"Mkono ulichoka, bibi."

Akavuta ushungi, akafunika la kwake la upande uleule, akasimama ubavuni mwa picha. "Haya, nipige picha. Na umtumie dada sasa hivi, aone mtu anayegombana naye."