Udaktari wa Paskazia na Gunia la Dagaa

"Nimesema mara ngapi mtu asichomeke pasi wakati mashine yangu inafanya hesabu? Mara ngapi, dada? Saa kumi na nne zimepotea! Kumi na nne!"

Dorotea hakugeuka. Pasi ilikuwa bado mkononi, kitenge cha sare ya kwaya kimetandazwa mezani, nusu kimenyooka, nusu kina makunyanzi, na nyumba nzima haina umeme kwa sababu fyuzi imekatika.

"Zimepotea zimekwenda wapi?" akauliza. "Zitafute. Si wewe ndiye msomi?"

"Usinifanyie mzaha. Itabidi nianze upya."

"Anza. Kwani miaka yote hii umekuwa ukifanya nini kama si kuanza upya? Mita ina jina langu, pasi ni yangu, na Jumapili ni ya Mungu. Hiyo televisheni yako isiyoonyesha mpira ndiyo ingoje."

Hivyo ndivyo walivyoishi ndugu hao wawili wa tumbo moja, wazaliwa wa Nansio, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyobanwa na mawe kule Ilemela, mwaka wa tisini na saba. Paskazia alikuwa na miaka thelathini na minne. Mume hana, mtoto hana, kompyuta anayo. Alikuwa anasomea shahada ya udaktari katika sayansi ya kompyuta kwenye chuo kimoja cha Uswidi, nusu mwaka kule kwenye baridi, nusu mwaka huku akikusanya takwimu. Dorotea, aliyemzidi miaka tisa, aliishia darasa la saba, akaolewa, akafiwa, na tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kuuza atakacho, alikuwa akinunua dagaa mwaloni, pale ufukweni wanaposhushwa na kuanikwa, na kuwauzia Wakongo.

Watu wa jumuiya ya kanisa hawakuchoka kuuliza. "Mdogo wako bado anasoma?" Dorotea naye hakuchoka kujibu, "Bado. Mpaka vitabu viishe au sisi tuishe." Wanacheka wote, na Paskazia yuko chumbani anasikia kila neno.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kuifundisha mashine kukisia. Unailisha mizigo ya dagaa ya miaka iliyopita, unailisha mvua na mwezi, kisha mashine yenyewe inakuambia mzigo gani utafika mwaloni mwezi ujao. Wanawake wa mwaloni walipoelezwa mara ya kwanza, walishika mbavu. "Kompyuta nzima ya Ulaya, ije kutuambia mbalamwezi ikiwaka dagaa hawapatikani? Muulize mjukuu wangu, umpe andazi."

Lakini sasa hapakuwa na cha kucheka. Barua ya profesa ilikuwa imefika. Programu yako, aliandika, inasema dagaa hawaongezeki tangu tisini na mbili, miaka mingine wanapungua. Mizani ya wanunuzi wa nje inasema wanaongezeka. Eleza tofauti hiyo kabla ya Septemba kwisha. Ukishindwa, ufadhili unafungwa na tasnifu haitasikilizwa. Na siku hiyo ya pasi ilikuwa tarehe tisa Agosti.

Paskazia alikwisha kuikagua programu mara tatu, mstari kwa mstari. Haina kosa. Basi kosa ni la watu, na watu wenyewe aliwajua.

Jumatatu asubuhi akashuka mwaloni. Mkubwa wa wanawake wanaoanika dagaa pale alikuwa Adongo, Mjaluo wa pande za Mara, ambaye kila mtu alimwita Mama Owiti. Paskazia akamwamkia. Mama Owiti akaendelea kugeuza dagaa kwa reki kana kwamba amesikia inzi.

"Nimetoka kupitia kitabu cha ushuru," Paskazia akasema, kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Idadi ya magunia ni ile ile, miaka mingine pungufu. Na dagaa wameongezeka. Maana yake mnaficha magunia ili msilipe ushuru. Mnaniharibia kazi yangu."

Mama Owiti akaegemea reki. "Mnamsikia?"

"Tunamsikia," wakajibu wenzake.

"Anatuita wezi, tena kwa Kiswahili kizuri. Nikuulize, mtoto wa watu. Mwaka wa tatu huu unakuja hapa na viatu vyako. Unasimama kwenye kibanda cha ushuru, kivulini, unanakili daftari la karani, unaondoka. Siku gani ulikuja hapa juani ukalitazama gunia?"

"Gunia ni gunia, mama."

Wakacheka kwa mkupuo, kicheko kibaya, cha watu wanaojua kitu na hawana mpango wa kukisema. "Nenda zako," Mama Owiti akasema. "Na ukipita, usitukanyagie dagaa."

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Dorotea alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekwenda kuwaita wenzangu wezi? Wale ndio wanaonipa mzigo kwa mdomo tu, bila karatasi! Kesho nitaweka wapi uso wangu?"

"Hesabu ndizo zinazosema, dada, si mimi. Gunia ni kilo arobaini. Ukichukua magunia ya mwaka mzima..."

"Gunia lipi?"

"Gunia! La dagaa!"

"Gunia lipi, Paskazia? La tisini na mbili au la leo?"

Dorotea akamkamata kifundo cha mkono, akamburuta hadi stoo ya uani, akasukuma mlango. Magunia saba yalikuwa yamesimama ukutani. Hakuna hata moja lililoshonwa mdomo. Juu ya kila mdomo kulishonwa kilemba cha kamba na vipande vya nyavu, kimejazwa dagaa hadi kumfikia mtu kifuani.

"Hii ndiyo lumbesa. Zamani tulishona mdomo tukamaliza. Biashara ilipofunguliwa, Mkongo akataka nyongeza, wa Nairobi akataka zaidi, na ushuru unatozwa kwa gunia, si kwa kilo. Basi kila mwaka kilemba kinarefuka. Karani anaandika moja, na kweli ni moja. Nani kaficha nini hapo? Yanapita barabarani juu ya malori, mtu aliyekaa njia panda ya Usagara anayaona. Aliyekuwa haoni ni wewe."

Paskazia akakipima kilemba kimoja kwa mkono wake. Hesabu zote tangu tisini na mbili, na kila gunia aliliandikia kilo arobaini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Unakula kwangu, unalala kwangu. Ni siku gani ulisema, dada, hebu nieleze hiyo kazi yako inakwendaje? Ulimwuliza karani kwa sababu ana kalamu sikioni."

Siku ya tatu Paskazia akarudi mwaloni, na bahasha ya hela ya kuwalipa wampimie magunia. Mama Owiti hakuitazama. "Rudisha kwenye mkoba. Hapa mtu akifiwa au akiugua, wenzake wanampa siku, wanafanya kazi yake. Akiinuka, anairudisha. Na wewe naona umefiwa na hizo namba zako. Tutakupa siku moja. Tutapima magunia yote yaliyopo, na vilemba vya miaka ya nyuma tutavishona upya, kila mwaka kwa kimo chake. Wewe huna kumbukumbu hiyo kwenye mashine. Sisi tunayo mikononi."

"Nitairudisha siku hiyo, mama."

"Juani, si kivulini."

"Juani."

"Tutaona."

Wakafanya kweli, wakimsema tangu asubuhi hadi jioni. Jua lilikuwa zuri la kukaushia, na dagaa wabichi wa watu walilala mchangani bila kugeuzwa kwa sababu yake. Wakabishana urefu wa kilemba cha tisini na nne mpaka wawili wakatukanana mama zao. Mizani ikasema: gunia la tisini na mbili, kilo arobaini na moja. La tisini na saba, sitini na mbili. Paskazia akaandika, na mara hii alikuwa amesimama karibu na gunia kuliko daftari.

Mashine ilipolishwa uzito badala ya idadi, mstari wake ulipanda, ukakutana na ule wa mizani ya wanunuzi. Alipeleka majibu tarehe ishirini Septemba. Mwanzoni mwa Oktoba akapanda ndege kurudi Uswidi, na siku ya watu hakuirudisha. Alisema hakupata nafasi. Labda ni kweli.

Mei ya mwaka uliofuata akaitetea tasnifu yake, wakampa udaktari. Mwaloni habari ilipokewa kwa namna yake. Kila Dorotea alipokwenda kuchukua mzigo, mtu alimwamkia: "Daktari wetu hajambo huko? Na siku yetu ilifika salama? Haikupata baridi?" Dorotea akaandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Hongera. Mwaloni wanakudai, na anayedaiwa usoni ni mimi."

Paskazia alirudi Julai, Alhamisi. Ijumaa, mabegi hayajafunguliwa, akavaa kitenge kikuukuu cha dada yake akashuka ziwani pekupeku. Dorotea akamfuata nyuma kwa mbali.

Mama Owiti akamtupia reki. Hakuna aliyempa pole, hakuna aliyempa kazi ya wageni. "Daktari, umeacha rundo pale!" "Daktari, hao unawageuza au unawazika?" Saa nne mgongo ukaanza kulia. Saa saba viganja vilikuwa na malengelenge. Saa tisa wingu likatokea upande wa Ukerewe, wote wakakimbia kukusanya, naye akakimbia nao, akaanguka na karai, akachekwa, akainuka, akaendelea. Wingu likapita bila kunyesha. Wakaanika tena.

Jua lilipozama Mama Owiti akaja akaichukua reki mkononi mwa Paskazia. Akaokota dagaa wachache, akawapuliza.

"Umegeuza vibaya. Umekusanya polepole. Na umenitilia mchanga kwenye mali yangu." Akamtazama juu hadi chini, kisha akawageukia wenzake. "Lakini ni siku nzima. Tunamdai?"

"Hatumdai," wakaitikia, huku wakiendelea kufunga mizigo yao.