Aliyelilia Mwisho wa Ngamia

Jaji huyu wa tuzo ya vitabu vya watoto, mkutubi wa shule moja ya mji wa Sfax, Tunisia, hagusi kitabu cha watoto kabla hajanawa mikono. Husoma kwa sauti hata mbele ya kamati, kidole kikifuata mstari, na akichoshwa hung'ata penseli. Rafika, katibu wa tuzo, anazijua penseli hizo, zimetafunwa kama miwa. Asubuhi ya kumchagua mshindi, mwenyekiti, Ustadhi Lamjed, alikuwa akimimina sifa.

"Mshindi ni hiki cha ngamia. Mwisho wake umeniliza!"

Penseli ikakatika. Mkutubi akazikusanya nakala za majaji wote, akazifungua mwishoni moja baada ya nyingine.

"Mwisho upi, ustadhi? Mtambo wa kuchapia umerudia kurasa za mwanzo hapa. Nakala zote tano hazina mwisho!"

"Dada yangu, tusikuze mambo..."

"Tusikuze? Jana niliwasomea watoto, darasa zima likalia kwa kuukosa mwisho. Haya, wewe uliyelizwa, niambie ngamia alipona au alikufa, nikawajibu!"

Mwenyekiti akakoroga kahawa aliyokwisha kuinywa. Rafika akafunika kwa kiganja taarifa aliyoichapa tangu juzi: majaji wote wamevisoma vitabu vyote.