Mashine ya ughaibuni ilivyomuumbua mama yangu na korosho zake

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sijasimuliwa, imenitokea mimi. Mama yupo hai Likombe, Mtwara. Atakayebisha akamuulize.

Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa nje nasoma masters. Utafiti wangu ulihusu protini za korosho mbichi, zilivyo kabla ya moto. Nikamwagiza mama: zibangue, ila moto usiziguse kabisa. Akampa mtu anayesafiri, zikafika.

Kazi tuliifanyia kwenye tandem mass spectrometer. Msikimbie, jina tu hilo.

Mmeona lori la korosho linavyoingia Bandari ya Mtwara? Likipimwa uzito ukazidi, mnashusha gunia moja moja mnapima, mpaka mnalikamata lililotiwa mchanga. Basi ndiyo hivyo. Mashine inapima kipande cha protini, inakivunja, halafu inapima vile vidogo.

Sasa vipande vyangu vikawa vinazidi uzito kwa 162, kwa kipimo cha molekuli, kila nikipima. Hiyo ni sukari imeng'ang'ania protini, na ikiwa nyingi vile mshukiwa wa kwanza ni joto.

Profesa aliyenisimamia akasema, "Hizi zimepikwa."

Nikaapa haki ya Mungu, mama hawezi! Akanipa mpaka Ijumaa nithibitishe, la sivyo topic naanza upya.

Nikapiga simu kwa jirani yetu, mama akaitwa.

"Shikamoo mama. Zile korosho uliziweka motoni?"

Akajibu: "Kidogo tu, mwanangu. Nikutumie korosho haijaona moto, wenzio si watasema kwenu hakuna kuni?"

Nilicheka mpaka machozi. Yaani mashine imemkamata mama kutoka huko kote! Nilipomweleza profesa, alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema topic ibaki, ila tulinganishe zilizopita motoni na zisizopita.

Mzigo wa pili ukaja na vifuko viwili. Kimoja kimeandikwa "za mashine", kingine "za mwanangu".

Za mashine tukazipima. Ile 162 haikuonekana, mama safari hii alikuwa mkweli.

Za mwanangu, zilizopita motoni, hatukuzipima, maana za kulinganisha tulikuwa nazo tayari za mzigo wa kwanza. Tulikaa mimi na profesa tukazitafuna zote, na degree nikaja kuipata.

Nilichojifunza: ukitaka sampuli safi, usimwagize mtu anayekupenda.

Haya, na wewe ambaye mama yako aliwahi kukuharibia kazi kwa mapenzi, hebu tupe mkasa wako hapa chini tucheke wote.