Bibi, Pipi au Mimi

Zillah Haslam alifariki Jumanne asubuhi, na mitambo ya kiwanda cha nguo cha Ramsclough ikaendelea kunguruma kama kawaida. Mitambo ile haikusimama hata siku meneja alipofariki. Meneja mwenyewe angechukia isimame.

Zillah alikuwa mfumaji tangu utotoni. Mumewe, Jabez, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda hichohicho. Ndani ya banda la kufumia kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba ungeweza kupiga yowe la kuchinjwa na jirani yako asigeuke. Basi watu walisema kwa midomo. Hawakutoa sauti. Waliivuta midomo, wakaibinya, wakaipanua, na mwenzao wa upande wa pili akasoma. Watu walichumbiana hivyo na kutukanana hivyo. Hata siku ya soko wanawake walisengenyana toka ng'ambo moja ya barabara hadi nyingine, mikokoteni ikipita katikati, na mgeni akadhani mji mzima unatafuna kitu.

Nyumbani pia Zillah alisema hivyohivyo. Jabez aliisikia sauti yake siku ya harusi, kanisani wakati wa nyimbo, na siku moja alipojimwagia maji ya moto.

Shida ni kwamba mafundi hawakusifika kwa kusoma midomo. Kutwa wamelala chali chini ya mtambo. Wafumaji walisema fundi husoma misumari.

Jumanne hiyo Zillah alifumbua macho. Akamtazama mumewe, akasema kwa midomo: nilaze na... Neno la mwisho Jabez aliliona vizuri kabisa. Midomo ilifumba, ikafunguka kidogo, ikafumba tena, ikafunguka kidogo. Kisha akakata roho.

Majirani walipokuja, Jabez aliwaeleza alichokiona. Akarudia kwa midomo yake.

"Bibi," alisema Keturah Pilling, jirani wa ukuta mmoja. "Nilaze na bibi. Maskini, mwishoni alimkumbuka bibi yake."

"Bibi wapi!" alisema Dorcas Shorrock, ambaye alikuwa mkongwe kuliko wafumaji wote. "Amesema pipi. Nilaze na pipi. Mtu gani anakwenda udongoni bila pipi zake za mnanaa?"

Tamar, mdogo wa marehemu, aliwaangalia wote wawili kwa huruma.

"Dada amesema mimi. Nilaze na mimi."

"Nilaze na mimi ndiyo nini?" aliuliza Keturah.

"Peke yake! Mimi na mimi. Udogoni alibanana na sisi dada zake wote kitanda kimoja. Akaolewa, akabanana na huyu anayekoroma. Samahani, shemeji. Alitaka apumzike."

"Sikoromi," alisema Jabez.

"Unakoroma, jirani," alisema Keturah. "Mimi ndiye mwenye ukuta."

Hapo ndipo Jabez alipoketi. Maana jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi yake Zillah alizikwa kwenye kanisa la kilimani, katika kaburi lililobakiwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Zillah akilazwa huko, Jabez siku yake itakapofika atapelekwa kwingine. Na kama Tamar amesoma sawasawa, ni hivyohivyo. Pipi peke yake ndiyo haikumtenga na mkewe.

"Akilazwa na bibi yake, mimi nitawekwa wapi?" aliuliza.

"Wewe bado u hai," alisema Keturah. "Usijitangulize."

Bibi mwenyewe alikuwa na visa. Alifuma kwa mkono nyumbani kwake mlimani, enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na kitanda cha mfumi, mtambo wa mbao wa kufumia kwa mkono, ghorofani, na mtu alianza kazi akitaka na kuacha akisikia njaa. Mitambo ya mvuke ilipokuja, kitambaa kilichofumwa kwa mkono kikakosa mnunuzi. Akaapa kwamba atakayeshuka bondeni kufanya kazi kwa kengele si mtu wake. Zillah akashuka. Aliporudi kusalimia, alikuwa tayari ana mazoea ya banda, akamwamkia bibi kwa midomo.

"Unatafuna nini?" bibi akauliza.

Zillah akajibu kwa midomo kwamba hatafuni.

"Meza kwanza, ndipo useme nami!"

Wakaendelea hivyo mpaka bibi akanyanyua ufagio. Alikufa akiamini mjukuu wake alikuja kula mbele ya uso wake, tena bila kumgawia.

"Ndiyo maana anataka kulala naye," alisema Keturah. "Wapatane."

"Wapatane vipi? Mmoja hasemi, mwingine hasomi," alisema Dorcas. "Jabez, rudia tena lile neno."

Jabez akarudia. Wanawake watatu wakamsogelea usoni. Wakaona maneno matatu tofauti.

"Ni masharubu haya," Dorcas alisema. "Ni kama kusoma kitabu kilichofunikwa na paka. Kanyoe."

Jabez alikuwa na masharubu tangu kabla ya harusi. Zillah ndiye aliyekuwa akiyapunguza kwa mkasi wa nyuzi. Alikwenda nyuma ya nyumba, akanyoa. Akarudi na mdomo mweupe kama wa mtu mwingine, akasema neno lile tena.

"Bibi," alisema Keturah.

"Pipi."

"Mimi. Na shemeji, yarudishe haraka. Unatisha."

Mazishi yalipangwa Jumamosi mchana, kiwanda kikishafungwa. Hadi Ijumaa mchimba kaburi alikuwa hajaambiwa achimbe wapi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa Jabez na koleo lake, akila mkate wa msiba.

Dorcas ndiye aliyetoa wazo. Kosa, alisema, ni ukimya. Maneno ya banda husomeka bandani. Kwenye ukimya akili ya mfumaji hulala usingizi. Basi Ijumaa asubuhi wakamchukua mjane huyo wa kiume, mdomo bila masharubu, wakamwingiza kiwandani. Msimamizi aliwazuia mlangoni.

"Mnakwenda wapi na huyu? Si ana ruhusa ya msiba?"

"Anakuja kusema neno moja," alisema Tamar.

"Neno gani?"

"Tungelijua tungekuja?"

Msimamizi akawapisha.

Wakamsimamisha mbele ya mitambo ya Zillah, ambayo tayari ilikuwa na msichana mwingine. Kelele ikampanda toka miguuni mpaka menoni. Jabez akasema neno. Wafumaji wote wa mistari ile wakageuza vichwa, vidole vikiendelea kuunga nyuzi. Na kweli, humo ndani hakuna aliyebabaika. Lakini nusu walisoma bibi na nusu walisoma pipi. Mzee mmoja wa pembeni alisoma mama, akaambiwa akapimwe macho.

Ndipo Dorcas akajipiga paji la uso. Akamuuliza Jabez kwa midomo, taratibu, kama anayemsemesha mtoto:

"Mkono wake ulifanya nini?"

Maana bandani kila mtu alijua kwamba maneno hayo yanafanana. Mfumaji akisema bibi, huvuta kidole chini ya kidevu, kama anayefunga kitambaa cha kichwani. Akisema pipi, hugusa shavu. Akisema mimi, hugusa kifua. Hakuna aliyewahi kuchanganya. Msomaji wa midomo huangalia mkono bila kujua kwamba anauangalia.

"Mkono wake," alisema Dorcas tena. "Ulikwenda wapi?"

"Haukwenda popote," alijibu Jabez. "Nilikuwa nimeushika."

"Na wa pili?"

"Nilikuwa nimeishika yote miwili."

Alisema kwa midomo yake mipya isiyo na nywele, na banda zima likamsoma. Waliokuwa karibu waliwapa habari waliokuwa mbali, mstari hadi mstari, mpaka ukutani. Mitambo haikusimama. Lakini midomo ilisimama yote. Jabez alikuwa amefanya kazi humo tangu ujana wake, na hakuwahi kuliona banda lile likiwa kimya.

Akatoka nje. Wanawake wakamfuata hadi uani, kwenye marobota ya pamba. Mchimba kaburi alikuwa amewafuata pia.

"Basi?" aliuliza. "Mlimani au bondeni? Udongo wa mlimani una mawe, mzee wangu, lazima nianze leo."

Jabez alifikiri. Aliwaza kwa muda mrefu kwa sababu ni fundi, na fundi hafungui kitu asichojua kukifunga.

"Bondeni," alisema. "Kwenye kanisa letu. Kaburi jipya."

"Nilisema!" alidakia Tamar. "Peke yake."

"La watu wawili."

"Wawili? Shemeji, dada alisema nilaze na mimi!"

"Alisema. Lakini sasa hana mdomo. Maneno yake yamebaki kinywani mwangu. Nikisema nilaze na mimi, huyo mimi ni nani?"

Midomo ya Tamar ilijaribu hesabu ile mara kadhaa.

"Hiyo siyo haki, shemeji."

"Siyo haki."

"Na unajua siyo haki?"

"Najua."

"Na kama alisema bibi?" aliuliza Keturah, machozi yakimlengalenga. "Itakuwaje, jirani?"

"Nitamwomba radhi nikifika."

Dorcas alikuwa akitazama vidole vyake. Akasema pipi ziwekwe hata hivyo, haziharibu kitu. Zikawekwa mfuko mzima.

Jumamosi mvua ilinyesha. Mchungaji alikuwa mgeni, ametoka kusini, na hakuwahi kuzika mfumaji. Alipofika kwenye sala aliinua macho akaona umati mzima wa wanawake wenye shali, midomo yao ikienda mbio bila sauti. Wengine walivuta vidole chini ya kidevu, wengine waligusa mashavu, wengine walijipiga vifua kwa nguvu. Mchungaji hakuwahi kuona kanisa lolote likisali kwa uchungu namna ile. Akavua kofia. Akafunga kitabu, akangoja wamalize.

Jabez alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi pana. Aliwasoma wote, hata yeye, fundi. Keturah alikuwa anasema bibi ni bibi. Tamar alikuwa anasema mambo kuhusu kukoroma. Mvua ilimwingia mchungaji kolani, naye akazidi kungoja.

"Endelea tu, mchungaji," Jabez alisema kwa sauti. "Hawa hawamalizi leo."