Kiatu Kisicho na Alama ya Jino

Fundi viatu alikwishaamua kabla hata ya kumwona: mbwa hatakaa. Mpwa wake, nesi aliyepewa uhamisho, alikuwa anahamia kwa mwenye nyumba asiyetaka wanyama, ndipo akamleta mbwa wake jike wa rangi ya asali ajaribiwe hadi Jumapili.

"Ni ritriva, Mjomba. Wawindaji huwatumia kuokotea ndege waliowapiga, nao huwabeba mdomoni bila kuwauma. Mpole, hana neno na mtu."

"Na mimi ndege nitawatoa wapi? Hapa kuna karakana, chumba cha nyuma na mgonjwa kitandani. Umesema mwenyewe atembezwe asubuhi na jioni, na manyoya yanapukutika. Yakiingia kwenye gundi, wateja wangu wavae viatu vyenye ndevu?"

Mpwa alicheka. Fundi hakucheka. Zamani mkewe ndiye aliyekaa mbele, akipokea viatu pamoja na habari za mtaa mzima. Tangu kiharusi kimlaze, alikuwa ameupa ukuta uso, na akiulizwa atakula nini, hujibu, "Chochote." Kimya kilijaa nyumba kama maji kwenye pipa, na fundi alipita taratibu asije akayamwaga. Nguvu za kulea kiumbe kingine angezitoa wapi?

Jumapili asubuhi aligeuka benchini akakuta kiatu kimoja cha mteja hakipo. Akashika kandambili, akamfuata mbwa chumba cha nyuma.

Mbwa alikuwa amekaa kando ya kitanda, mkia ukifagia sakafu. Kiatu kilikuwa kifuani pa mkewe, kimelowa mate, bila alama hata moja ya jino. Mkewe alikuwa anakigeuzageuza kwa ule mkono mzima.

"Cha mwalimu wa hesabu hiki," alisema. "Bado anakanyagia upande. Goti halijapona?"

"Halijapona."

"Na wewe kimya! Mke wa mwalimu je, alirudi?"

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, kandambili bado mkononi, akaanza kusimulia. Mbwa akatoka, akarudi na ndara ya muuza magazeti.

"Eti huyu anaondoka leo?" mkewe akauliza.

"Manyoya yake, mama watoto..."

"Gundi ina kifuniko, mzee."

Mpwa alipofika kumchukua mbwa, alimkuta mjomba wake benchini, akigongelea soli za viatu vyake mwenyewe, vilivyokuwa vimeachama miaka na miaka chini ya meza.

"Safari ya wapi, Mjomba?"

"Si ulisema asubuhi na jioni?"