Kaya Nane za Zagayu

Kaya nane nilizitunga mwenyewe, nimekaa gesti ya Somanda, pale Bariadi, na chai ya maziwa mbele yangu. Mvua ilikuwa imekata njia ya Zagayu, ruhusa yangu ya chuo ilikuwa imebaki siku mbili, na makala yangu juu ya dawa mpya ya kupulizia pamba ilitaka kaya arobaini. Nilikuwa nazo thelathini na mbili. Baba yangu ni wa Maswa, basi mimi niliyekulia Dar nikajiona majibu ya Wasukuma nayajua. Nikachukua majina manane kwenye orodha ya kijiji, nikajaza madodoso manane kwa kalamu mbili tofauti, maana hata uongo una ufundi wake.

Jarida likaikubali makala. Nilishangilia, kwani ndiyo iliyokuwa imebaki nipande cheo. Walitaka kitu kimoja tu: mwenyeji aliyenitembeza athibitishe madodoso kwa sahihi. Nikarudi Zagayu kwa mama mmoja mkulima, aliyenipitisha kaya zile za mwanzo, bila yeye hakuna ambaye angenifungulia mdomo.

Alipekua karatasi taratibu.

"Mwalimu, hawa nane ulienda na nani?"

"Peke yangu, mama."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu kakutajia ng'ombe kumi na saba. Huyu tisa. Mgeni umefika leo, mtu akuhesabie ng'ombe wake? Soma hawa wetu."

Nikasoma. *Wapo. Si haba. Tunamshukuru Mungu.* Kaya thelathini na mbili, na hakuna hata moja iliyotaja idadi. Nilikuwa nimeyaona majibu hayo kuwa usumbufu tu, kumbe huku kuhesabu mifugo mbele ya mgeni ni kujiitia balaa.

"Sahihi yangu siweki," akasema, sasa hacheki. "Watu watakuamini, watapulizia. Iondoe makala yako."

Nilimkasirikia njia nzima hadi Bariadi. Kesho yake, aibu ikiwa imeishinda hasira, nikaliandikia jarida kwamba naiondoa makala, na sababu nikaitaja. Cheo kikaenda kwa mwingine. Mkuu wangu wa idara alikaa muda mrefu bila kunisemesha, na sikumlaumu.

Msimu uliofuata mama yule alinipeleka kwenye kaya zote nane. Hakunisimanga hata mara moja. Kila mlango alisalimia kwanza, akaniambia nikae, na watu wakasema. Mpaka leo namshukuru kuliko walimu wote walionifundisha utafiti, na nimemwambia hivyo, akajibu nisimalize maneno, nishike jembe.

Kaya ya mwisho ilikuwa ya mjane. Nilipomuuliza kuhusu ile dawa, alikunja mkono wa gauni, nikaona ngozi imebabuka kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kwenye dodoso lake, lile la gesti, nilikuwa nimeandika: hakuna madhara.